Moshi, Kongo na kigoda cha mwanazuoni

Kila mwaka, wiki ya pili ya muhula, huwasomea wanafunzi wangu Ibara ya 38 ya Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Ni ibara fupi. Inawaelekeza majaji waende wapi kuitafuta sheria: kwenye mikataba, kwenye desturi za mataifa, kwenye kanuni za jumla zinazokubalika. Halafu mwishoni, kama mgeni aliyechelewa akapewa kigoda karibu na mlango, anatajwa mwanazuoni. Maandishi ya wabobezi wa mataifa mbalimbali, inasema ibara hiyo kwa lugha yake kavu, yanaweza kumsaidia jaji kuitambua sheria.

Hapo hunyamaza kidogo ili liwaingie. Sijui taaluma nyingine ambayo profesa wake ameandikwa ndani ya chombo kilekile anachokifundisha. Mhandisi akiandika kitabu kuhusu madaraja, daraja halimsomi. Mwanazuoni wa sheria ya kimataifa akiandika vizuri, jaji anaruhusiwa kumsoma kabla ya kuamua kesi ya nchi mbili. Kisha mwanafunzi mmoja wa viti vya nyuma, hakosi kila mwaka, huuliza: "Mwalimu, hao wabobezi wa mataifa mbalimbali ni wa mataifa gani?" Wenzake hucheka, maana vitabu vilivyo mbele yao vimeshajibu. Brownlie, Mwingereza. Shaw, Mwingereza. Cassese, Mwitaliano. Crawford, wa Australia. Na nakala zenyewe ni fotokopi za fotokopi, kurasa zimekatwa upande wa chini, tanbihi zote zimeliwa na mashine.

Safari hii swali hilo nalijibu kwa kufuata maisha ya kazi ya mtu mmoja. Novemba 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa na Baraza la Usalama yalimchagua Profesa Phoebe Okowa wa Kenya kuwa jaji wa Mahakama hiyo. Pongezi zimeshatolewa, na wakubwa wa serikali hawakuchelewa, kwa hiyo mimi sitaziongeza. Ninachotaka kukitazama ni namna kazi ya kisomi ya aina hii inavyojengwa, matofali yake yanatoka wapi, na kwa nini mengi ya matofali hayo hayafyatuliwi huku kwetu.

Kwanza niondoe utata mmoja. Ukitaja The Hague kwenye matatu ya Nairobi, abiria watakutajia Ocampo, yule mwendesha mashtaka. Kesi zilizotokana na vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliupa mji huo wa Uholanzi sifa ya mahali wakubwa wanapopelekwa kushtakiwa. Hiyo ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, nayo inashughulika na watu. Aliyochaguliwa Okowa ni nyingine, kongwe zaidi, iliyoanza kazi mwaka 1946 katika Kasri la Amani. Ina majaji 15 wenye mihula ya miaka 9. Hafungwi mtu pale. Nchi huishtaki nchi, mpaka ukachorwa, fidia ikakadiriwa, na wakati mwingine Umoja wa Mataifa huomba ushauri wa kisheria.

Okowa alisoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaenda Oxford kwa masomo ya juu hadi shahada ya uzamivu. Alifundisha Bristol, baadaye akahamia Queen Mary, chuo cha London ya mashariki, ambako alipata uprofesa wa sheria ya kimataifa. Ukiisoma hivyo tu, ni orodha kama zile zinazosomwa na mshereheshaji kabla mgeni rasmi hajasimama. Orodha ya vyuo haielezi kitu. Kinachoeleza ni swali alilolichagua.

Mwaka 2000 Oxford University Press walichapisha kitabu chake, State Responsibility for Transboundary Air Pollution in International Law. Kwa Kiswahili cha kawaida: nchi inawajibika vipi moshi wake unapovuka mpaka na kuharibu hewa ya jirani. Fikiria hilo. Mtu angetarajia mwanafunzi kutoka Nairobi aandike juu ya wakimbizi, au Umoja wa Nchi Huru za Afrika, au mipaka ya wakoloni. Hayo ndiyo mambo ambayo wasimamizi wa tasnifu huko Ulaya huwa tayari kumkabidhi Mwafrika, na kwa nia njema kabisa. Yeye akachukua moshi.

Moshi una historia yake, nayo inaanzia mahali pasipojulikana na wengi: mji mdogo wa Trail, katika jimbo la British Columbia huko Kanada. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyushia risasi na zinki, kama kilomita 11 kutoka mpaka wa Marekani. Gesi ya salfa ilitoka kwenye mabomba marefu, ikateremka na bonde la mto Columbia, ikavuka mpaka bila kuonyesha pasipoti, ikaunguza mashamba na misitu ya wakulima wa jimbo la Washington. Wakulima walilalamika. Serikali mbili zikaandikiana barua kwa miaka, hatimaye zikaunda baraza la usuluhishi. Baraza hilo lilitoa uamuzi wa kwanza mwaka 1938, likaagiza Marekani ilipwe dola 78,000, na uamuzi wa mwisho ukatoka 1941. Msingi uliobaki mpaka leo ni huu: hakuna nchi yenye haki ya kuitumia ardhi yake, au kuiacha itumike, kwa namna ambayo moshi wake utaleta madhara makubwa kwa jirani, ilimradi madhara hayo yathibitike kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi.

Huo "ilimradi" ndio wenye kazi. Trail ilikuwa kesi rahisi kuliko inavyosifiwa. Kiwanda kilikuwa kimoja, bonde moja, na wakulima wanajulikana kwa majina. Sasa chukua mvua ya asidi iliyokuwa ikiua samaki katika maziwa ya Skandinavia miaka ya 1970. Moshi ule ulitoka kwenye maelfu ya mabomba ya nchi nyingi, ukachanganyika angani, ukashuka kwa pamoja. Utamshtaki nani, na kwa kiasi gani? Nchi za Ulaya zilijibu kwa kuandika mkataba, ule wa Geneva wa mwaka 1979, ambao ulizungumzia ushirikiano na utafiti, ukakwepa habari ya nani amlipe nani. Kisha Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kikalipuka, vumbi lenye mionzi likaenea nusu ya Ulaya, na hakuna hata nchi moja iliyoufikisha Umoja wa Kisovyeti mbele ya mahakama ya kimataifa. Wote walijua vumbi limetoka wapi. Hawakushtaki.

Ukimya huo ndio msomi wa sheria anapoanzia kazi. Je, nchi zimenyamaza kwa sababu sheria haipo, au sheria ipo ila siasa imeziba mdomo? Ukisema haipo, umezipa nchi zote ruhusa. Ukisema ipo, lazima uonyeshe vipande vyake: kosa ni lipi, nani alilitenda, uzembe unapimwaje, sehemu ya kila mchafuzi inagawanywaje, na jirani ana dawa gani zaidi ya kulalamika. Hiyo ndiyo sheria ya uwajibikaji wa dola, uti wa mgongo wa somo zima. Okowa aliushika uti wenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka mmoja kabla Tume ya Sheria ya Kimataifa haijakamilisha rasimu yake ya uwajibikaji wa dola, mwaka 2001, rasimu iliyochukua zaidi ya miaka 40 na ambayo leo hakuna wakili anayeingia The Hague bila kuwa nayo mkobani.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua iliyoamua mengine yote, na naisema kwa uchungu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka makala kwa jarida moja la ng'ambo, juu ya nchi za Maziwa Makuu na wajibu wa kumwarifu jirani kabla ya kujenga bwawa. Mhariri alinijibu kwa adabu kwamba kazi ni nzuri ila ni ya kikanda, nijaribu jarida la Kiafrika. Wiki hiyohiyo toleo lao jipya lilitoka na makala juu ya mto Rhine. Rhine haikuwa ya kikanda. Nilicheka, nikafunga kompyuta, nikaenda kusahihisha mitihani. Anayeingia uwanja huu kutoka kwetu hukuta kona imeshaandaliwa kwa ajili yake, ina kiti na jina lake, na akikaa pale ataheshimiwa maisha yake yote bila kusomwa. Mwanafunzi aliyekwenda Oxford na kuandika juu ya moshi wa dunia aliikwepa kona hiyo mapema.

Na swali lake likaja kukua. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walianza kampeni ya kutaka Mahakama iulizwe juu ya mabadiliko ya tabianchi. Serikali ya Vanuatu ikaibeba, Baraza Kuu likapitisha ombi Machi 2023, na tarehe 23 Julai 2025 majaji wakatoa maoni yao kwa kauli moja: nchi zina wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mfumo wa hali ya hewa, kukiuka wajibu huo kunaleta uwajibikaji, na wingi wa wachafuzi si kinga kwa mchafuzi mmoja. Tatizo la mabomba elfu, lililowafanya wanasheria wa miaka ya 1980 wakune vichwa, sasa lina jibu la Mahakama. Okowa hakuwa jaji siku hiyo. Ila aliyesoma kitabu cha 2000 na kisha akayasoma maoni ya 2025 atakutana na maswali anayoyafahamu.

Baadaye akaigeukia Kongo, na hapa hakuna atakayesema alikimbia kwao. Mwaka 2006 alichapisha makala ndefu juu ya sura za kisheria za vita vya Kongo katika British Year Book of International Law, na mwaka uliofuata akauliza iwapo kuna mfumo wowote unaoeleweka wa kuzilinda maliasili wakati wa vita. Tarehe zinajieleza. Desemba 2005 Mahakama ilikuwa imetoka kuhukumu kesi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya Uganda. Iliamua kwamba Uganda ilitumia nguvu kinyume cha sheria, kwamba ilikuwa mkaliaji wa eneo la Ituri huko Kongo, na kwamba inawajibika kwa uporaji wa dhahabu, almasi na mali nyingine uliofanywa na askari wake.

Lakini ndani ya hukumu hiyo mna mlango uliofungwa kimyakimya. Kongo ilitegemea kanuni ya mamlaka ya kudumu ya watu juu ya maliasili zao, kanuni ambayo nchi zilizotoka ukoloni ziliipigania miaka ya 1960. Majaji walikiri kwamba kanuni hiyo ni sehemu ya desturi ya kimataifa, kisha wakasema haihusu askari wa kigeni wanaopora. Msomaji wa Bunia au Kisangani ana haki ya kuuliza: kama haihusu hilo, inahusu nini? Mahakama ilitumia sheria ya vita badala yake, ile inayokataza uporaji, sheria iliyotungwa kwa kufikiria askari anayebeba saa ya mtu na ng'ombe wake. Kuichota migodi ya mkoa mzima kwa miaka ni jambo la kipimo kingine.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba mjadala huo haukuwa wa vitabuni tu. Nchi mbili zilishindwa kukubaliana juu ya fidia. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Februari 2022 Mahakama iliagiza Uganda ilipe dola milioni 325 kwa awamu tano za kila mwaka: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili. Sitini. Mfumo wa kisheria ukiwa mwembamba, hesabu nayo hutoka nyembamba, na nani atauongezea nyama mfumo huo kama si wale wanaoandika kabla ya kesi inayofuata?

Nyongeza ndogo juu ya udogo wa dunia hii. Okowa alipokuwa mwanafunzi Oxford, kiti cha juu cha sheria ya kimataifa pale kilikaliwa na Ian Brownlie, yuleyule wa fotokopi zetu. Katika kesi ya Kongo na Uganda, Brownlie alisimama mahakamani kama wakili wa Uganda. Mtu aliyeandika kitabu, anayefundisha darasa, anayetetea serikali na anayenukuliwa na majaji anaweza kuwa mtu mmoja, na kwa muda mrefu watu wa aina hiyo wangeweza kuenea kwenye meza moja ya chakula cha jioni. Mwaka 2017 Anthea Roberts, wa Australia, alitoa kitabu kizima kinachouliza kama sheria ya kimataifa ni ya kimataifa kweli, akafuatilia wanafunzi wanatoka wapi kwenda kusoma wapi. Safari karibu zote ni za upande mmoja. Anayetoka Nairobi huenda Oxford. Wa Oxford haji Nairobi kusoma, ila akija likizo atatoa mhadhara.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye kesi ambayo bado inawauma Wakenya. Somalia iliishtaki Kenya mwaka 2014 juu ya mpaka wa baharini, eneo lililo mbele ya Kiunga na visiwa vya kaskazini mwa Lamu. Upande wa Somalia waliongea Paul Reichler wa Marekani, Alain Pellet wa Ufaransa na Philippe Sands wa Uingereza. Upande wa Kenya, mbali ya Mwanasheria Mkuu Githu Muigai, walikuwapo Alan Boyle na Vaughan Lowe, Waingereza. Sheria inairuhusu nchi isiyo na raia wake kwenye benchi kumteua jaji wa muda kwa kesi hiyo. Kenya ingeweza kumteua Mkenya. Ikamteua Gilbert Guillaume, Mfaransa aliyewahi kuwa rais wa Mahakama. Ni mtu mwenye sifa zote, sina ugomvi naye. Ninachohesabu mimi ni idadi ya vijana wa Kiafrika waliopata nafasi ya kujifunza kazi katika shauri la Waafrika wawili juu ya bahari ya Afrika, na hesabu hiyo hainichukui muda.

Mwaka 2021 Kenya ilisusia vikao vya mwisho, ikaondoa tamko lake la kuikubali Mahakama, na hukumu ilipotoka Oktoba 12 ikaikataa. Moja ya manung'uniko yake lilikuwa kuwapo kwa Jaji Abdulqawi Yusuf, Msomali. Miaka minne baadaye Jaji Yusuf akajiuzulu, na serikali ileile ya Nairobi ikazunguka duniani kuomba kura ili Mkenya akalie kiti chake. Akapata. Mwandishi wa riwaya angeambiwa na mhariri wake apunguze chumvi.

Yusuf mwenyewe anastahili aya yake, maana njia yake ni tofauti. Alisomea na kufundisha sheria Mogadishu, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, akachukua uzamivu Geneva, akafanya kazi katika mashirika ya Umoja wa Mataifa hadi kuwa mshauri wa sheria wa UNESCO, kisha jaji tangu 2009 na rais wa Mahakama kuanzia 2018 hadi 2021. Katikati ya hayo alianzisha African Yearbook of International Law mwaka 1993. Wengi wanamkumbuka kwa urais. Mimi namshukuru kwa kitabu cha mwaka. Chuo alichoanzia kilibomolewa na vita, lakini jarida likabaki, na mwanafunzi wa Kiafrika akawa na mahali ambapo Ituri haihitaji kuombewa radhi kwa kutokuwa Rhine.

Ni kosa kufikiri kwamba mawazo yenyewe hayatoki kwetu. Januari 1972, kwenye mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika mjini Lagos, Frank Njenga wa Kenya aliwasilisha waraka juu ya ukanda wa kiuchumi wa baharini: nchi ya pwani iwe na haki juu ya samaki na mali za bahari hadi mbali, bila kuzuia meli za wengine kupita. Miaka kumi baadaye wazo hilo lilikuwa ndani ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, maili 200 za baharini, na leo hata Marekani na Ufaransa zinaishi kwa hilo. Kabla yake, mwaka 1961, Nyerere aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika haitarithi mikataba ya Mwingereza kwa mkumbo; itaichambua kwa miaka miwili, na isiyotakiwa itakufa. Mwaka uliofuata akawaambia Waingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya Nile ya 1929 hayaifungi Tanganyika. Vitabu vya dunia vinauita msimamo huo kwa jina la Nyerere. Wangapi kati ya walioandika juu yake wamewahi kuliona jalada la msimamo huo? Jaji Earle Seaton na Sosthenes Maliti walikusanya mwenendo wa mikataba ya Tanzania katika kitabu kilichotoka 1973, na nakala niliyonayo mimi nimeirithi kwa mwalimu wangu, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi.

Kwa hiyo tunalo wazo, tunao pia ushahidi. Kinachotuponyoka ni kazi ya katikati, ile isiyo na picha gazetini: kukaa miaka sita na swali moja, kusoma majalada ya wizara, kulinganisha kesi, kuandika kurasa 300 ambazo watu arobaini watazisoma, mmoja wao akiwa jaji. Muhula huu nina darasa la wanafunzi 380. Mitihani yao ni vijitabu 380, na kila kijitabu kina maswali manne. Mtu aliye Queen Mary au Geneva ana darasa lake na malalamiko yake, lakini pia ana mwaka wa kupumzika kufundisha ili aandike, ana maktaba ambayo tanbihi hazijaliwa, na ana mlango wa jirani wa kugonga akikwama. Sisi tukikwama tunaandika andiko la mradi.

Sisemi asiyeondoka hafiki. Profesa Chris Maina Peter wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikaa katika Tume ya Sheria ya Kimataifa kuanzia 2012 hadi 2022 bila kukihama chuo chake. Okowa alichaguliwa kwenye Tume hiyohiyo Novemba 2021, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika tangu ilipoundwa miaka ya 1940. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alikuwa ametangulia Mahakamani tangu 2012, naye hakupitia uprofesa bali mahakama za Kampala na Mahakama Maalumu ya Sierra Leone. Njia ni zaidi ya moja. Lakini nikipima idadi, njia ya kubaki nyumbani na kuandika vitabu ndiyo yenye nyasi ndefu kuliko zote.

Nairobi ilimpa Okowa shahada ya kwanza na hamu ya somo, na hilo si dogo. Kuna walimu pale wanaostahili kujisikia vizuri. Miaka ya kuandika ilitolewa na vyuo vya Uingereza. Serikali yake ilikuja mwishoni, wakati wa kura. Ndivyo ninavyougawanya mchango huo.

Uhuru wa mwanazuoni wa chuo kikuu ameuacha. Jaji haandiki makala za kushambulia hukumu za mwezi uliopita, na sheria inamkataza kukaa kwenye kesi aliyowahi kuwa wakili. Hata hivyo amepata kitu ambacho mwanazuoni hana. Hukumu za wengi katika Mahakama ile hutaja maprofesa kwa nadra mno. Ni katika maoni binafsi ya jaji mmojammoja ndipo majina ya waandishi hujitokeza kwa wingi, na orodha hiyo imekuwa ya Ulaya kwa sehemu kubwa. Kila nitakapopata maoni binafsi ya Jaji Okowa nitaanza na tanbihi, kuona kama kuna mtu wa Makerere, Lubumbashi au Dar es Salaam aliyesogezewa kigoda.

Muhula aliouchukua ni mabaki ya muhula wa Yusuf, unaoisha tarehe 5 Februari 2027. Wizara zetu za mambo ya nje zina muda wa kuamua kama zitamuunga mkono mtu mmoja kila baada ya miaka kadhaa, au zitafungua pia majalada ya mikataba kwa watafiti na kuwaweka wanasheria wawili vijana katika kila timu inayokwenda The Hague. Hili la pili halihitaji kura za New York.

Na kwa yule wa viti vya nyuma, pamoja na wengine wanaoniandikia wakitaka niwapendekeze vyuo vya ng'ambo: Jumatano, saa nane hadi saa kumi alasiri, niko ofisini. Njoo na swali moja ambalo utakubali kuishi nalo miaka sita. Jina la chuo tutalitafuta baadaye.